Damu Isipotoka, Inakwenda Wapi?

Swali hili lilinikuta saluni, Majengo, Moshi mjini, Jumamosi moja kichwa changu kikiwa upande umesukwa na upande bado, kwa hiyo hata ningetaka kukimbia nisingeweza. Dada aliyekaa kiti cha pili alikuwa anasimulia kwamba tangu aanze sindano ya uzazi wa mpango ana miezi minane hajaziona siku zake. "Sasa jamani niambieni," akasema, "hiyo damu ya miezi minane inakwenda wapi? Si inajikusanya tumboni?" Msusi akaguna. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuja kumfuata bintiye, akajibu kwa uhakika kuliko daktari: inaganda, inakuwa uvimbe, ndiyo maana wanawake wa siku hizi kila mmoja ana uvimbe kwenye kizazi. Dada akashika tumbo. Mazungumzo yakahamia kwenye bei ya rasta.

Nimelibeba swali lile muda mrefu, kwa sababu ni swali zuri. Tangu tukiwa shule ya msingi tunaambiwa hedhi ni mwili "kutoa uchafu". Mtu aliyefundishwa hivyo, akiona uchafu umeacha kutoka, ana haki ya kuuliza umekwama wapi. Akili yake imefanya kazi sawasawa. Neno alilopewa ndilo bovu.

Majibu kama ya yule mama wataalamu huyaita imani potofu. Jina hilo silipendi, maana likishatamkwa mazungumzo yamefungwa: mmoja ni mjuzi, mwingine ni mjinga, na mjinga huondoka na imani yake vilevile. Wazee walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nilipoanza kuufuatilia uvumi mmoja mmoja kuhusu sindano, kijiti cha mkononi, kitanzi cha kwenye kizazi na vidonge, karibu kila mmoja nilikuta umeota juu ya jambo la kweli ambalo mwanamke hakuelezwa, au alielezwa nusu.

Na nusu hiyo ina gharama. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu kila mwanamke nchini amewahi kusikia juu ya njia moja au zaidi za uzazi wa mpango. Wanaotumia njia za kisasa, miongoni mwa walioolewa, ni takribani 3 tu katika kila 10. Huduma yenyewe kwenye vituo vya serikali ni bure, iwe hospitali ya Mawenzi, kituo cha afya cha Pasua au zahanati ya kijijini. Kwa hiyo kinachowatenganisha wengi na kliniki si kutojua kwamba ipo, wala si pesa. Wamesikia sana. Tatizo ni walichosikia, na aliyewasikiliza walipouliza.

Turudi kwenye damu. Kila mwezi yai linapopevuka, homoni huuamuru ukuta wa ndani wa kizazi ujijenge, unenepe, ujae mishipa midogo ya damu. Ni kama mama anayetandika kitanda kizuri kwa ajili ya mgeni ambaye huenda akaja. Mgeni, yaani mimba, asipokuja, homoni hushuka na matandiko yale yanatolewa. Hiyo ndiyo hedhi: matandiko, wala si uchafu. Nayo si mengi kama macho yanavyoona. Kwa wanawake wengi damu ya mwezi mzima ni mililita 30 hadi 40, vijiko vya chakula viwili au vitatu, ilhali mwilini kuna lita 4 hadi 5.

Sindano ya miezi mitatu ina homoni ya jamii ya projesteroni. Inazuia yai lisipevuke, na ukuta wa kizazi haupati amri ya kujijenga. Kitanda hakikutandikwa, kwa hiyo hakuna shuka la kutoa. Hakuna damu iliyokwama popote, maana haikutengwa kwa ajili ya safari hiyo; inaendelea kuzunguka mwilini kama damu nyingine. Baada ya mwaka mmoja wa sindano, wapata nusu ya watumiaji huwa hawaoni siku zao kabisa. Dada wa saluni hakuwa na ugonjwa. Alikuwa upande wa nusu hiyo, na hakuna aliyemwambia kwamba nusu hiyo ipo.

Na uvimbe wa yule mama je? Uvimbe upo, tena mwingi. Tafiti za Marekani ziliona kwamba kati ya wanawake weusi 100, zaidi ya 80 huwa na uvimbe kwenye kizazi kufikia umri wa miaka 50, wengine bila hata kujua. Huota zaidi katika miaka ya 30 na 40, miaka ileile ambayo wanawake wanatumia uzazi wa mpango. Mambo mawili yakiwa ya kawaida hivyo, lazima yakutane kwa watu wengi, na jicho linalotafuta sababu litasema moja limezaa jingine. Tafiti kadhaa zilizoangalia sindano hii zimeona kinyume: watumiaji walikuwa na uvimbe kwa uchache zaidi.

Kuna tahadhari moja. Kutoona siku ni kawaida kwa anayetumia sindano na kwa baadhi ya wanaotumia kijiti. Anayetumia kitanzi cha shaba, kondomu au kalenda, au anayemeza vidonge na amezoea kuona siku zake kila mwezi, zikikatika ghafla apime mkojo kwanza. Hadithi ya kitanda haimhusu.

Kijiti nacho kina uvumi wa upande wa pili: "kinamaliza damu". Hapa chembe ya ukweli ni kubwa kuliko wengi wanavyokiri. Homoni ya kijiti huuacha ukuta wa kizazi mwembamba na dhaifu, kama nyumba ya udongo iliyokandikwa mara moja tu. Inamomonyoka huku leo, kule keshokutwa. Mwanamke anaona matone siku nne, anapumzika tatu, yanarudi siku kumi. Jumla ya damu mara nyingi si nyingi, lakini haina ratiba. Kwa wengi hutulia baada ya miezi kadhaa. Kwa wengine haitulii.

Kwenye kliniki zetu hali hii ina jina la heshima: maudhi madogo madogo. Nesi atakwambia, "Dada, utapata maudhi madogo madogo, usiogope," na kalamu tayari imehamia kwenye mstari unaofuata wa daftari. Madogo kwa nani? Mwanamke anayeuza ndizi sokoni Kiborloni tangu alfajiri, choo kiko mbali na maji hayana uhakika, akitokwa na matone siku kumi na tano ndani ya mwezi, kwake hayo si madogo. Mwislamu wa Majengo ataanza kuhesabu: hii ni hedhi, niache swala na saumu, au ni istihadha, damu isiyo ya hedhi, nitawadhe na kuswali? Akishindwa kuamua, ibada yake yote imevurugika, na ukimwuliza kwa nini alitoa kijiti atasema kilimletea matatizo, neno ambalo jirani yake atalifasiri anavyojua. Mume naye anahesabu kwa upande wake. Damu ya matone ndiyo inayowafanya wanawake wengi warudi kutoa kijiti kabla ya muda, na wengi wangevumilia lau wangeambiwa mapema itakuwaje, au wangebadilishiwa njia bila kugombezwa.

Jambo lisilosemwa kwa sauti ni kwamba damu hiyo ina matibabu. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofen kwa siku tano, au vidonge vya uzazi wa mpango kwa wiki tatu hivi kwa asiye na vizuizi, husaidia wengi kuikata kwa muda. Si ponya ya kudumu, ila inampa mtu nafasi ya kupumua akiamua. Inatolewa kwa ushauri wa mtoa huduma, na inatakiwa iombwe kwa jina: "Naomba dawa ya kupunguza haya matone." Ukisema tu "kijiti kinanisumbua" utaambiwa uvumilie.

Uvumi wa tatu ndio unaowatisha mabinti: ukitumia sindano hutazaa. Ukimsikiliza anayeusimulia hadi mwisho, mara nyingi kuna mtu halisi ndani yake. Alichoma sindano miaka miwili, akaacha ili apate mtoto, akakaa karibu mwaka mzima bila kitu. Mama mkwe akaanza kuulizia. Hadithi hiyo ni ya kweli kabisa, na sababu yake inajulikana. Dawa ya sindano hukaa kwenye msuli ikiyeyuka taratibu, na haiwezi kutolewa ikishaingia. Kwa wastani mwanamke aliyeacha sindano hushika mimba miezi kama 10 baada ya sindano ya mwisho. Wapo wanaowahi na wapo wanaozidi mwaka. Uwezo wa kuzaa unarudi, ila unarudi kwa mguu. Kijiti na kitanzi vikitolewa, uwezo hurudi mara moja. Kuna wanaopata mimba ndani ya mwezi huohuo.

Kwa hiyo mwanamke anayetaka kupumzika mwaka mmoja tu kisha azae, sindano si njia yake, na aliyempa bila kumwuliza lini anataka mtoto mwingine ndiye aliyepanda uvumi. Kuna na wale ambao kizazi kilikuwa na tatizo tangu awali. Kisonono na klamidia vinaweza kuziba mirija ya uzazi kimyakimya, bila maumivu, na sindano, kijiti wala vidonge havizuii hata kimoja kati ya hivyo. Kondomu ndiyo inayozuia. Mtu ameanza uzazi wa mpango akiwa na mirija iliyokwisha kuumia, ameacha baada ya miaka mitano, hapati mtoto. Lawama inakwenda kwenye kitu anachokikumbuka. Na aliyeanza ana miaka 36 akaacha ana 41, umri peke yake umeshachukua sehemu yake.

Tuje kwenye kitanzi, ambacho bibi zetu wanakiita lupu. Jina hilo lina historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Mmarekani, Jack Lippes, alitengeneza kitanzi cha plastiki chenye umbo la nyoka aliyejipinda, kikaenea nchi nyingi kwa jina la umbo lake, "loop" kwa Kiingereza, na jina likabaki hata baada ya kifaa chenyewe kuondoka. Kinachowekwa leo kina umbo la herufi T, kimezungushiwa waya wa shaba, hakina homoni hata chembe. Shaba hulemaza mbegu za kiume zisilifikie yai. Kinafanya kazi miaka 10 na zaidi.

Uvumi wake mkuu ni kwamba kinapanda hadi moyoni. Hakiwezi: kizazi hakina njia ya kwenda kifuani, na kati ya tumbo na kifua kuna kiwambo cha msuli. Ila kwa mara chache sana, kama mwanamke 1 au 2 katika kila 1,000, kitanzi hutoboa ukuta wa kizazi, mara nyingi wakati wa kuwekwa, na kinaweza kukutwa tumboni nje ya kizazi. Huko inabidi kitolewe kwa upasuaji. Jambo la namna hiyo likimpata mtu mmoja katika wilaya, wilaya nzima itajua, na kila litakapopita kinywa kimoja kitanzi kitakuwa kimepanda kidogo. Mpaka lifike Rombo, kiko moyoni. Kinachotokea mara nyingi zaidi ni kitanzi kushuka na kutoka chenyewe, hasa mwaka wa kwanza, na ndiyo sababu mwanamke anafundishwa kujipima uzi wake baada ya siku zake.

Sifa mbaya ya kitanzi duniani kote ina chanzo kingine ambacho si uvumi hata kidogo. Mwaka 1971 kiliingia sokoni Marekani kitanzi kilichoitwa Dalkon Shield. Uzi wake ulisokotwa kwa nyuzi nyingi ndogo, vijidudu vikapanda nao kama maji yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Wanawake wengi waliumia, wengine walikufa, wengine walipoteza kizazi. Mauzo yalisimamishwa Marekani mwaka 1974. Uzi wa vitanzi vya leo ni wa nyuzi laini zisizosokotwa. Hatari ya maambukizi iliyobaki ni ya wiki tatu za kwanza, hasa kikiwekwa kwa mwenye maambukizi ambayo hayakutibiwa. Nesi anayekuuliza juu ya uchafu ukeni na maumivu ya tumbo kabla ya kuweka hakudharau.

Kitanzi cha shaba huongeza damu na maumivu ya hedhi, zaidi miezi mitatu hadi sita ya mwanzo. Mwenye upungufu wa damu alifikirie hilo kabla. Na wale wanaume wanaolalamika kwamba uzi unawachoma: baadhi wanasema kweli, uzi ukikatwa mfupi sana husimama kama mswaki. Dawa yake ni kurudi kliniki ukatengenezwa.

Halafu kuna mtoto aliyezaliwa ameshika kitanzi mkononi. Nimemsikia Moshi, nimemsikia Arusha, na kila mahali alizaliwa hospitali ya jirani. Kushika hawezi, kwa kuwa mtoto yumo ndani ya mfuko wake na kitanzi kiko nje ya mfuko. Ila mimba juu ya kitanzi ipo. Katika wanawake 1,000 wanaokitumia mwaka wa kwanza, 6 hadi 8 hushika mimba. Kwa kijiti ni kama 1. Kwa sindano ni kama 40, si kwa ubovu wa dawa bali kwa sababu tarehe hupitwa. Anayechoma kwa wakati, hatari yake hushuka hadi 2. Vidonge ni 70, kwa sababu ya jioni zinazosahaulika, na kondomu 130. Hizi ndizo hesabu ambazo mtu alipaswa kuonyeshwa siku ya kwanza, badala ya kuambiwa "inazuia mimba" kana kwamba zote ni sawa.

Mkoa wetu una sababu yake ya ziada ya kulieleza hili vizuri. Siha kuna hospitali ya Kibong'oto, inayojulikana nchi nzima kwa kutibu kifua kikuu. Dawa kuu ya kifua kikuu, rifampisini, huliamsha ini kiasi kwamba linavunja homoni za kijiti na vidonge kabla hazijafanya kazi. Mwanamke akianza dozi ya kifua kikuu akiwa na kijiti mkononi, anaweza kubeba mimba akidhani amejikinga. Dawa fulani za kifafa hufanya hivyohivyo, na efavirenz, iliyokuwa kwenye dawa za kufubaza virusi vya ukimwi kwa miaka mingi, nayo ilipunguza nguvu ya kijiti. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi cha shaba haviguswi na rifampisini. Anayekuandikia dawa za kifua aambiwe una kijiti, na anayekuwekea kijiti aambiwe unameza nini. Dirisha la kifua kikuu na chumba cha uzazi wa mpango viko hatua chache tu, lakini mafaili hayatembeleani.

Kuhusu sindano na ukimwi: hofu hii haikuanzia mtaani, ilianzia kwa watafiti wenyewe, ambao kwa miaka waliona dalili kwamba watumiaji wa sindano huambukizwa zaidi. Utafiti mkubwa wa wanawake 7,829 katika Afrika Kusini, Eswatini, Kenya na Zambia, uliotoka mwaka 2019, ulilinganisha sindano, kijiti na kitanzi cha shaba na haukuona tofauti kubwa. Ulichoonyesha kwa uchungu ni kwamba maambukizi yalikuwa mengi katika makundi yote matatu. Kondomu haijastaafu.

Saratani nitaipitia haraka. Vidonge vyenye homoni mbili hupunguza hatari ya saratani ya ovari na ya ukuta wa kizazi kwa kiasi kikubwa, na huongeza kidogo hatari ya saratani ya matiti kwa muda wa kuvitumia. Vidonge hivyohivyo havimfai mwenye presha, anayevuta sigara akiwa na zaidi ya miaka 35, aliyewahi kuganda damu mishipani, wala mwenye kipandauso kinachoanza kwa kuona vimulimuli. Ndiyo sababu ya kupimwa presha kabla, na anayevinunua dukani bila kupimwa anajidhulumu. Unene nao si uzushi, hasa kwa sindano: baadhi huongezeka kilo kadhaa.

Watu wengine wanasema uzazi wa mpango ni mambo ya kigeni, hayakuwepo mlimani. Vidonge havikuwepo, kweli. Kupanga kulikuwepo. Mama wa Kichagga aliyejifungua alikaa ndani miezi mitatu akinyweshwa mtori, na kubeba mimba nyingine huku mtoto bado ananyonya ilikuwa aibu ya wazazi wote wawili. Kwa Kiswahili tunaita kumbemenda mtoto. Wauguzi huweka kubemenda kwenye kapu lilelile la imani potofu, na kweli tendo la ndoa haliharibu maziwa. Lakini mimba ya haraka humwachisha mtoto ziwa, na aliyeachishwa mapema bila chakula cha kutosha huvimba, nywele zikageuka rangi. Daktari Cicely Williams, aliyeueleza ugonjwa huo akiwa Ghana katika miaka ya 1930, alichukua jina lake, kwashiorkor, kutoka lugha ya Ga ya hukohuko, ambako linahusu mtoto aliyeng'olewa nafasi na mdogo wake. Bibi zetu waliona kitu hichohicho wakakipa sababu nyingine. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kubeba tena. Bibi angesema, si ndivyo nilivyowaambia?

Hata kunyonyesha kwenyewe ni njia, ila kwa masharti matatu kwa pamoja: mtoto hajafika miezi sita, anapewa ziwa tu mchana na usiku bila uji wala maji, na mama hajaona siku zake. Masharti yakitimia, kinga ni 98 kwa 100. Moja likivunjika, hesabu imekwisha.

Kuna jambo ambalo takwimu za ubora wa njia hazilioni, nalo ni siri. Milima ya Kibosho na Rombo ina Wakatoliki wengi, na Kanisa lao, kwa waraka wa Papa Paulo wa Sita wa mwaka 1968, linaruhusu njia za asili tu. Walutheri, walio wengi Machame na Marangu, hawabanwi na waraka huo. Nimezungumza na wanawake walioshuka hadi mjini kuchoma sindano ili wasikutane na mtu wa jumuiya yao. Hawakuuliza njia ipi ina nguvu zaidi. Waliuliza ipi haionekani. Kijiti mume atakipapasa mkononi, vidonge vitakutwa chini ya godoro, kadi inaachwa kwa rafiki. Sindano haina alama, ila inakata siku, na mume anayefuatilia tarehe atauliza. Mwanamke anayetafuta siri anatakiwa aelezwe hilo pia. Tena ajue kwamba kuwekewa njia hizi hakuhitaji sahihi ya mume. Nasema hivyo nikijua kwamba nyumba nyingi huwa na amani zaidi mume akifuatana na mkewe kliniki, mara moja tu, akasikia hesabu mwenyewe.

Kutoa nako ni huduma. Rafiki yangu mmoja alikwenda kituo fulani kutoa kijiti baada ya miezi kumi na moja ya matone, akaambiwa mpaka miaka mitatu iishe. Alitoka pale akamwambia kila mtu anayemfahamu kwamba ukikubali kijiti umefungwa. Hakuna aliyefungwa, kijiti hutolewa siku yoyote mwenyewe akitaka. Lakini uvumi huo ulitengenezwa na nani? Kinatolewa na aliyefunzwa, kwa ganzi na tundu dogo, si kwa wembe nyumbani. Kikiwa hakipapasiki, kimezama, hutafutwa kwa ultrasaundi. Hakijapotea mwilini.

Limebaki la Desemba. Kila mtu wa hapa anajua: wanaume wanatafuta maisha Dar, Arusha, Mererani na kwingine, na wiki ya Krismasi mabasi yanapanda yamejaa. Kuna wanawake ambao miezi kumi na moja hawana haja na njia yoyote, na wana haja kubwa sana kwa wiki mbili. Wengi hukimbilia P2, kidonge cha dharura cha duka la dawa, asubuhi baada ya asubuhi. P2 huchelewesha yai kupevuka. Haina kazi yai likishatoka, inafaa zaidi ndani ya siku tatu, na ukiimeza mara nne kwa wiki mbili utavuruga tarehe zako na kinga itabaki ndogo kuliko ya vidonge vya kawaida. Kitanzi cha shaba kinakinga tangu saa kinapowekwa. Sindano na kijiti vinakinga papo hapo vikianzwa siku za mwanzo za hedhi. Vikianzwa katikati ya mwezi, zinahitajika siku saba za kusubiri au kutumia kondomu. Vidonge ni vivyo hivyo. Kwa hiyo anayemtarajia mwenzake tarehe 22, na hajui siku zake zitaangukia wapi, kliniki aonekane kabla ya tarehe 15. Wiki ya Krismasi nesi naye atakuwa amekwenda kwao.